Hina, rangi ya kudumu, ya muda au blichi? Linganisha kabla hujakaa kwenye kiti cha saluni

Wateja wengi wa saluni za Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga huingia na picha kwenye simu. Picha inaonyesha unachokipenda, lakini rangi itakayotoka inaamuliwa na mambo mawili: nywele zako zimewahi kuwekwa nini, na unachotaka ni cheusi kuliko ulichonacho au ni chepesi zaidi. Ukiyajua hayo mawili, kuchagua kunakuwa rahisi. Utajua pia pale unapoahidiwa kitu kisichowezekana kwa kikao kimoja.

KUONGEZA RANGI NA KUONDOA RANGI

Mafundi hupima weusi wa nywele kwa ngazi 1 hadi 10. Ngazi ya 1 ni nyeusi tii, ya 4 ni kahawia ya kati, ya 6 inaanza kuingia kwenye dhahabu iliyokolea, na ya 10 ni manjano hafifu inayokaribia nyeupe. Nywele za wengi wetu ambazo hazijaguswa na kitu ziko ngazi ya 1 au 2. Kutoka hapo kwenda nyeusi yenye mng'aro wa bluu ni hatua fupi. Kutoka hapo kwenda rangi ya asali, ngazi ya 7 au 8, ni kupanda ngazi 5 hadi 7, na kila ngazi unayopanda unailipia kwa uimara wa unywele.

Hina na rangi zisizo na developa (kimiminika cha peroksaidi kinachochanganywa na rangi au blichi) huongeza tu juu ya ulichonacho. Rangi ya kudumu huongeza na papo hapo hufifisha weusi wa asili, ila kwa ngazi chache. Blichi kazi yake ni kuondoa. Haileti rangi mpya, inafichua iliyokuwa imejificha chini ya weusi: kwanza nyekundu, kisha nyekundu ya machungwa, machungwa yenyewe, manjano iliyokolea, manjano, na mwisho manjano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Anayesimamisha blichi katikati hutoka na kichwa cha machungwa. Hapo dawa haikuwa mbovu, kazi haikufika mwisho.

Kuna kanuni moja inayowaumiza wengi: rangi haiondoi rangi. Ukipaka kahawia ya ngazi ya 5 juu ya nywele ulizozipaka nyeusi ya pakiti mwaka jana, mizizi mipya itageuka kahawia na sehemu iliyobaki itabaki nyeusi vilevile. Rangi nyeusi za unga zinazokorogwa kwa maji tu, zile za vipakiti vidogo vya dukani, ni ngumu kuondoka kuliko zote. Kama umezipaka miaka miwili mfululizo na sasa unataka rangi ya asali, jibu la kweli ni kuzikata au kuzisubiri ziote.

Ukishika boksi, soma namba. Tarakimu ya kabla ya nukta ni ngazi, ya baada ya nukta ni mwelekeo wa rangi. Kwa kampuni nyingi .1 ni majivu, .3 ni dhahabu, .4 ni shaba, .6 ni nyekundu. Kwa hiyo 6.34 ni ngazi ya 6, dhahabu yenye shaba kidogo. Baadhi ya kampuni zina utaratibu wao, basi angalia na jina lililoandikwa pembeni. Sura ya mrembo wa mbele ya boksi isikushawishi, maana rangi ile imepigwa picha juu ya nywele zilizokuwa nyepesi. Nyuma au ubavuni kuna jedwali la "kabla na baada". Liamini hilo.

ZINAZOONGEZA, BEGA KWA BEGA

Rangi za kupuliza, chaki na nta za rangi hukaa juu ya unywele na hutoka kwa shampuu moja. Zinafaa kwa shughuli ya siku moja na hazihitaji fundi. Ubaya wake ni jasho: kwa joto letu, kufikia adhuhuri rangi imeshahamia kwenye kola na kanga. Pia huacha utando juu ya unywele, jambo ambalo hina na rangi nyingine hazifanyi. Mwenye kujali maji ya udhu amuulize mwalimu wake akiwa na taarifa hiyo.

Rangi isiyo na developa hupakwa kama ilivyo kwenye chupa, dakika 20 hadi 40, na hudumu maosho 4 hadi 12. Haifungui gamba la unywele, kwa hiyo haina madhara ya kutisha hata kwa nywele zenye dawa. Lakini usidanganyike na rangi unayoiona kwenye chupa. Damu ya mzee au zambarau ikipakwa juu ya nywele nyeusi za asili haitaonekana ndani ya nyumba. Utaona mng'aro tu ukisimama juani. Juu ya nywele zilizoblichiwa rangi hiyohiyo inawaka.

Kuna rangi ya developa hafifu, asilimia 1.9 hadi 4, isiyo na amonia au yenye kidogo sana. Hupakwa dakika 20 hadi 25 na hudumu takriban maosho 20 hadi 28. Haipandishi ngazi. Inarudishia uhai rangi iliyopauka, inapooza machungwa, inachanganya mvi chache zisionekane, na inapofifia haiachi mstari mkali kwenye mizizi. Kwa anayepaka rangi mara ya kwanza na anataka tu nywele nyeusi zenye afya au kahawia iliyokolea, hii ndiyo tungemshauri aanze nayo. Inasikitisha kwamba wengi wanairuka na kwenda moja kwa moja kwenye ya kudumu.

Rangi ya kudumu hufungua gamba kwa amonia au mbadala wake, kisha peroksaidi iliyomo kwenye developa hufanya chembe ndogo za rangi ziungane ndani ya unywele na kuwa kubwa zisizoweza kutoka. Kwa kawaida huchanganywa sehemu 1 ya rangi na 1 au 1.5 ya developa: tyubu ya mililita 60 kwa mililita 60 au 90. Nywele fupi tyubu moja inatosha. Nywele nene za asili zinazofika mabegani andaa mbili au tatu, kwani rangi ikiisha katikati ya kichwa, bakuli la pili litakuwa na dakika zake na upande mmoja utatoka tofauti.

Nguvu ya developa ndiyo inayoamua mengi. Asilimia 3 inaweka rangi bila kupandisha. Asilimia 6 hupandisha ngazi 1 hadi 2 na ndiyo ya kufunika mvi. Asilimia 9 hupandisha 2 hadi 3. Asilimia 12 huweza kufika 3 hadi 4, ila ikigusa ngozi ya kichwa inaunguza, na fundi makini huiweka mbali na mizizi. Hesabu mwenyewe: ukiwa ngazi ya 2 na fundi anatumia asilimia 6, utaishia ngazi ya 3 au 4, tena yenye wekundu. Rangi ya asali haipo hapo.

Kosa linaloonekana sana kwenye rangi ya kudumu ni mizizi kutoka mwanga kuliko ncha. Joto la kichwa huharakisha kazi kwenye sentimita 1 ya mwanzo. Kwa nywele zinazopakwa mara ya kwanza ili ziwe nyepesi, fundi aanze na urefu na amalizie mizizi. Kwa ritachi hufanywa kinyume: mizizi mipya peke yake, ncha ziguswe dakika chache za mwisho tu au zisiguswe kabisa. Anayevuta rangi hadi nchani kila mwezi anarundika tabaka juu ya tabaka, na ncha zinakuwa nyeusi, kavu na hazipitishi kitana.

HINA NA PIKO

Hina safi ni unga wa majani, basi. Rangi yake inashikamana na unywele wenyewe bila amonia wala peroksaidi. Juu ya nywele nyeusi inatoa mng'aro wa shaba na kuzifanya zijisikie nene. Juu ya mvi inatoka machungwa iliyoiva. Gramu 100 zinatosha nywele fupi, gramu 200 hadi 300 za mabegani. Koroga kwa maji ya uvuguvugu na ndimu hadi iwe nzito kama uji wa mtoto, funika, iache itoe rangi. Kwa joto la Tanga saa 4 hadi 6 hutosha. Utajua imeiva ukiona juu kumekuwa kahawia na chini bado kijani. Ipakwe mafungu kwa mafungu, ifunikwe kwa plastiki ili isikauke, ikae saa 2 hadi 4. Rangi yake huendelea kukolea kwa siku mbili au tatu baada ya kuosha, kwa hiyo usiihukumu siku ileile.

Ikilinganishwa na rangi ya kudumu, hina haipandishi ngazi, haibadiliki ukiichoka, na inachukua muda mrefu zaidi kwenye kiti. Faida yake ni kwamba haibomoi unywele.

Hatari iko kwenye pakiti zinazoitwa hina lakini ndani yake kuna zaidi ya majani. Hina haiwezi kuwa nyeusi peke yake. Ukiona "hina nyeusi" inayofanya kazi kwa nusu saa, ndani kuna kemikali ya kutia weusi iitwayo PPD au chumvi za madini. Chumvi hizo zikikutana na developa au blichi baadaye, nywele hupata moto, hubadilika rangi na hukatika. Kama hujui ulichopaka, mwombe fundi ajaribu hivi. Achukue nywele chache zilizotoka kwenye kitana, azitumbukize kwenye kikombe cha glasi au plastiki chenye mililita 30 za developa ya asilimia 6 na matone 20 ya maji ya amonia, asubiri dakika 30. Zikibadilika rangi mara moja kuna madini ya risasi. Kikombe kikipata joto, kikitoa mapovu na nywele zikakatika kwa kuvutwa kidogo, kuna shaba. Zisipobadilika kabisa kuna uwezekano wa chumvi za fedha. Katika hali zote tatu, blichi na rangi ya kudumu zisubiri nywele hizo ziote na kukatwa.

Sasa piko, na hapa tunaomba usome polepole. Piko nyeusi inayochorwa mikononi na miguuni kwenye harusi mara nyingi hutengenezwa kwa rangi ya nywele yenye PPD. Umoja wa Ulaya hauruhusu PPD kuzidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapokuwa tayari kupakwa kichwani, na hauiruhusu kupakwa kwenye ngozi kwa kuchora. Ngozi iliyowahi kupata vipele, malengelenge au kuvimba kwa sababu ya piko imeshaizoea kemikali hiyo kama adui. Ukija kupaka rangi ya kudumu miaka mingi baadaye, uso unaweza kuvimba hadi macho yafunge. Ikikufika shida ya kupumua, hiyo ni hospitali mara moja. Mwambie fundi kuhusu piko hata kama hakuuliza. Wanaume wanaopaka ndevu nyeusi kwa kinyozi wanahusika vilevile, na ngozi ya uso ni nyepesi kuliko ya kichwa.

Jaribio la ngozi ni saa 48 kabla: tone la rangi iliyochanganywa nyuma ya sikio au kwenye kikunjo cha kiwiko, liachwe kama maelekezo ya boksi yanavyosema, kisha usubiri siku mbili. Kuwasha, wekundu au uvimbe ni jibu tosha. Mzio wa PPD huchelewa kujitokeza, kwa hiyo jaribio la dakika kumi pale saluni halina maana.

BLICHI

Blichi huchanganywa kwa kawaida sehemu 1 ya unga kwa 2 za developa, mfano gramu 30 kwa mililita 60, kwenye bakuli la plastiki. Bakuli la chuma linaharibu peroksaidi. Mchanganyiko uliobaki haufungiwi kwenye chupa, unatoa hewa na chupa inaweza kupasuka. Kwa nywele zilizosokotana kama zetu asilimia 6 inatosha. Inakwenda taratibu lakini inafika, na unywele unabaki. Kila mkunjo wa unywele wetu ni sehemu dhaifu, na developa kali hukatia hapohapo.

Fundi anatakiwa kufuta sehemu ndogo na kuangalia kila baada ya dakika 5 hadi 10. Muda wa mwisho uko kwenye pakiti, nyingi huishia kwenye dakika 45 au 50. Ukipita hapo haing'arishi tena, inabomoa tu. Kutoka ngazi ya 1 hadi ya 8 panga vikao viwili au vitatu, vikipishana wiki kadhaa, huku nywele zikipewa stimingi na kondishena nzito katikati. Fundi anayekuambia atamaliza leo jioni, muulize atatumia asilimia ngapi.

Baada ya blichi huja tona, rangi hafifu ya kupooza. Zambarau hupooza manjano, bluu hupooza machungwa, kijani hupooza nyekundu. Ukitoka na machungwa na ukapewa tona ya zambarau, haitasaidia kitu, na wengi hulaumu tona wakati shida ni kwamba blichi haikufika.

Nywele zenye dawa zina hesabu yake. Dawa ya kunyoosha hukata viungo vya ndani vya unywele, na blichi hula vilivyobaki. Ukitaka rangi ya kudumu, tanguliza dawa, kisha pumzika angalau wiki 2. Ukigeuza, dawa itaipausha rangi uliyoilipia. Siku moja na dawa, rangi pekee inayofaa ni isiyo na developa. Blichi juu ya nywele za dawa hatuipendekezi hata kidogo. Nywele hukatika usawa wa kisogo na paji la uso, ambako ni laini zaidi. Kabla ya uamuzi wowote lowesha unywele mmoja na uuvute taratibu: mzima huvutika na kurudi, uliochoka huvutika kama ubani wa kutafuna bila kurudi, au hukatika pale pale.

Ukitaka rangi ya dhahabu kwa harusi ya mwezi ujao na nywele zako ni za dawa, suka rasta za rangi hiyo au vaa wigi. Wigi la nywele halisi linaweza kupakwa rangi. La plastiki halishiki rangi ya saluni, basi nunua lenye rangi unayoitaka.

WAPI KICHWANI

Kichwa kizima kwa rangi ya kudumu kinakutaka saluni kila wiki 4 hadi 6, maana nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi na mstari huonekana mapema. Mistari ya foili inachukua nywele chache chache kutoka kwenye mizizi. Inang'arisha uso na kuacha nywele nyingi bila kuguswa, lakini kazi ni ya saa tatu au zaidi na foili ikijazwa blichi kupita kiasi inavuja na kuacha madoa kwenye mizizi. Kupaka kwa mkono bila foili, blichi ikianzia katikati ya urefu, kunatoka taratibu na kunaweza kukaa miezi mitatu au zaidi bila ritachi. Kwenye nywele zilizosokotana kunapendeza sana, ilimradi fundi apake zikiwa zimenyooshwa kidogo au zimetenganishwa mkunjo kwa mkunjo, la sivyo hatoona anakopaka.

Ncha pekee ndiyo njia nafuu na salama kuliko zote. Haigusi ngozi ya kichwa, na ukiichoka unapunguza. Kama moyo wako uko kwenye blichi na huna uhakika, anzia hapo.

KWA MVI

Mvi chini ya theluthi moja, rangi ya developa hafifu inatosha. Zikizidi nusu unahitaji ya kudumu yenye asilimia 6, uwiano wa 1 kwa 1, dakika 45 kamili. Mvi ngumu za pembeni mwa masikio zipakwe kwanza. Ukitaka damu ya mzee juu ya mvi, rangi nyekundu ikipakwa peke yake hutoka kali na nyepesi. Fundi achanganye nusu yake na nusu ya rangi ya asili ya ngazi hiyohiyo.

JOTO, BAHARI NA MAJI

Kipindi cha kaskazi saluni isiyo na kiyoyozi inafupisha dakika za rangi na kukausha blichi kabla haijafanya kazi. Ifunikwe kwa plastiki na iangaliwe mapema. Draya juu yake haihitajiki. Wanaoogelea Raskazone wajue jua na chumvi hupausha nyekundu kabla ya rangi nyingine zote. Lowesha nywele kwa maji baridi ya bomba na upake kondishena kabla ya kuingia, ili zisinywe maji ya bahari. Maji ya visima yenye chumvi na madini huacha nywele zilizoblichiwa zikiwa ngumu na za kufifia, kwa hiyo suuza ya mwisho ifanyie maji ya bomba au ya mvua.

KWENYE KITI

Usioshe nywele siku ya kwenda. Mafuta ya asili hukinga ngozi. Ukifumua rasta, subiri siku kadhaa hadi kichwa kisiwe na vidonda. Kisha sema kila kitu mwanzoni: "Dada, hizi zina dawa ya mwezi wa nne, hina nilipaka Idi, na piko iliwahi kuniwasha." Muulize anaona uko ngazi gani, atatumia developa ya asilimia ngapi, vikao vingapi, na kama atajaribu kwenye kifungu kimoja kwanza. Aweke mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikio, avae glavu. Ukihisi kuungua, sema papo hapo na uoshwe. Mwasho kidogo huvumilika, moto hauvumiliwi.

Shampuu ya kwanza iwe baada ya siku 2 hadi 3. Na kabla hujaondoka, mwombe akuandikie namba ya rangi, uwiano, asilimia ya developa na dakika alizoacha. Ukihama mtaa au fundi akiwa safarini, karatasi hiyo ndiyo itakayomwezesha mwingine kufanya ritachi bila kubahatisha.